Maumivu ya Wazee Wetu si "Uzee Tu"

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Kibaha



Nianze na jambo tunaloliona kila Jumapili. Mzee aliyezoea viti vya mbele anahamia nyuma, karibu na mlango. Baada ya miezi michache haonekani tena. Sisi tunasema imani imepoa. Ukimtembelea anakwambia kuwa hawezi tena kupiga magoti, na anaona aibu kuinuliwa mbele za watu.

Akiulizwa anaumwa nini, hujibu, "Uzee tu." Watoto wake husema hivyo hivyo, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya. Ni kweli mwili unachakaa. Goti la mtu aliyelima muhogo na kubeba kuni Kisarawe kwa miaka 50 haliwezi kuwa kama la kijana. Lakini goti lililosagika halitibiwi kwa kulazwa kitandani, kama tunavyoshauri kwa upendo. Linategemea misuli ya paja, na misuli isiyotumika hulegea. Mzee aliyepumzishwa wiki kadhaa huamka dhaifu zaidi, na huanguka.

Ndiyo maana tunawapeleka kwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Hapo napo pana shida. Bibi mmoja wa upande wa Maneromango aliniambia, "Mwanangu, nauli yote ile, nikaambiwa nikae kwenye kiti na kusimama. Hata sindano sikupewa!" Nilicheka, kisha nikaona ana haki. Hakuna aliyemweleza kwamba kukaa na kusimama ndiyo dawa yenyewe. Siku ya kwanza lilimuuma, akaacha. Hakujua kuwa maumivu madogo yanayotulia baada ya muda ni ya kawaida, ila goti likivimba na kuwa la moto, au maumivu yakimwamsha usiku, arudi kupimwa.

Akarudia vidonge vya dukani. Dawa kama diklofenaki hutuliza, lakini mzee akizimeza kila siku bila ushauri wa daktari zinaweza kumletea vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Na wazee wangapi tayari wana presha?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza upo. Msamaha huo haulipi bodaboda. Wa Maili Moja yuko karibu na Hospitali ya Tumbi. Wa Kwala, au wa vijiji vya ndani vya Kisarawe wakati wa masika, hawezi kwenda na kurudi kila wiki.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Wafadhili, najua kiti cha magurudumu hupendeza kwenye picha, lakini kwenye mchanga wetu hukwama. Tulipieni nauli ya safari mbili za mwanzo, ya mzee pamoja na ndugu mmoja atakayejifunza mazoezi ili wayafanye nyumbani. Fundi seremala atoboe kigoda cha chooni, maana kuchuchumaa ndiko kunakowatesa kuliko kutembea. Kamati nazo zitangaze kanisani kwamba mzee akikaa wakati wengine wamepiga magoti hajakosa adabu. Yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, katika Luka 13, alikuwa ndani ya sinagogi. Wa kwetu wamebaki nyumbani.

Yule bibi sasa anasimama kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mjukuu akihesabu. Bado anaumwa, ila chooni anakwenda mwenyewe.

Kila jumuiya ituletee majina ya wazee walioacha kuja kanisani mwaka huu. Tutaanzia kwao.