Mlango Uwe wa Kila Mwanachama

Leo tungependa tuzungumze juu ya mlango.

Tuseme tunaye mwanachama anayelipa mchango wake kila mwezi bila kukosa. Lakini mkutano unafanyika kwenye jumba lenye ngazi, na yeye anatumia kiti cha magurudumu. Je, huyo ni mwanachama kamili au ni mlipaji tu? Hebu tusikie habari za mama mmoja wa Marekani, Judith Heumann.

Alizaliwa mwaka wa 1947. Akiwa na miezi 18 alipatwa na polio, asiweze kutembea tena. Alipofika umri wa shule akakataliwa: eti kiti chake kingekuwa hatari moto ukitokea. Mama yake hakunyamaza, akaungana na wazazi wengine kudai nafasi. Judith akasoma hadi chuo kikuu. Mwaka wa 1970 bodi ya elimu ya New York ilimnyima leseni ya ualimu kwa vile hawezi kutembea. Akaishtaki kortini, mwishowe akapewa leseni, akafundisha.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 1973 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopewa fedha na serikali kuu. Lakini kanuni zake zilikaa bila sahihi karibu miaka minne. Kumbe sheria bila kanuni ni kama jembe bila mpini! Aprili 1977, Judith na wenzake zaidi ya 100 wakaingia ofisi ya serikali kule San Francisco, wakakataa kutoka. Simu zilipokatwa, wenzao viziwi walitumia lugha ya ishara dirishani kupeleka habari nje. Tarehe 28 kanuni zikatiwa sahihi. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Judith aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki Machi 2023.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kufika mahali pote kadiri inavyofaa, pamoja na kutumia usafiri wa umma. Lakini Katiba haichanganyi saruji. Hiyo ni kazi yetu sisi.

Na kazi yenyewe si kubwa. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180, yaani mara 12. Ukiwa mfupi zaidi, kiti kinaweza kurudi nyuma au kupinduka. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Choo nacho kisisahauliwe. Tena kabla ya kuanza, tumwulize atakayepita hapo; yeye anajua kuliko fundi.

Na kama fedha hakuna? Basi mkutano ujao tuufanye chini ya mti, penye ardhi tambarare, mpaka mchango utoshe.