Aliyerudia Unga Arudi Kliniki

Tangu mwaka 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, waraibu wengi wa heroini, yaani unga, wamepata nafuu. Na miongoni mwao si haba waliorudia unga njiani kabla ya siha yao kuimarika. Kurudia si mwisho wa tiba. Uraibu ni maradhi sugu, na maradhi sugu aghalabu hurejea, kama pumu irejeavyo, wala hatumwambii mwenye pumu kwamba dawa zake zimekuwa bure.

Lakini hapa pana hatari, nami naomba isikilizwe kwa makini. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uzoefu wake. Kiasi alichokistahimili mtu zamani, leo chaweza kumkatiza pumzi, akafariki.

Basi wewe uliyeteleza, usingoje haya ikutoke. Kurudia si mwisho wa tiba. Rudi kliniki leo, ukamweleze mhudumu bila kuficha siku ulizokosa dawa, upate kupimiwa kiasi cha salama. Nanyi wazazi na jamaa, msimfukuze wala msimtahayarishe: fuataneni naye hadi kliniki.