Upanga na Mkono

Uko mchezo wa vitara, ambao baba na binti yake huweza kushindana Jumamosi, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Alexandra Ndolo, binti wa baba Mkenya, aliichezea Kenya katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kabla ya kuanza, kila mmoja humwinulia mwenzake kitara kwa heshima, uso ukiwa wazi.

Sisi wa Garsen twaujua upanga kwa habari nyingine. Agosti 2012, kule Riketa, hata wanawake na watoto walikatwa. Wapokomo na Waorma, wanywao mto mmoja!

Mzee mmoja alituuliza, “Mchungaji, mkono ule nitaushikaje?” Hatukumjibu upesi. Tulishuka naye mtoni, tukaketi.