UKAGUZI WA NYUMBA, NA KOGA ILIYOMO NDANI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka)



Tumepewa kazi ya kusema nanyi juu ya ukaguzi wa nyumba. Twajua ya kuwa jambo hili limeleta manung'uniko. Mzee wetu mmoja alituuliza, tena kwa haki, "Makarani wanatafuta nini nyuma ya kitanda changu?" Leo twataka kumjibu kwa adabu. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

Tunachotafuta, Mzee, ni maji. Koga haiji bure. Humea palipo na unyevu. Nayo maji huingia kwa njia tatu. Hutoka juu, penye mabati yaliyotoboka na mchirizi ulioziba. Hupanda kutoka chini, pale udongo ulipoegemea ukuta. Tena huzaliwa humo ndani, kwa mvuke wa sufuria, nguo zilizoanikwa chumbani, na pumzi za watu waliolala madirisha yamefungwa. Mvuke ukikuta ukuta wa baridi hugeuka maji, hasa pembeni na nyuma ya kabati, mahali hewa isipopita.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioonyesha ya kuwa wakaao katika nyumba za unyevu na koga huzidi kupatwa na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Huko Uingereza, mwaka 2020, mtoto wa miaka miwili alifariki kwa sababu ya koga ya nyumba waliyopanga wazazi wake, hata ikatungwa sheria.

Wala tusidhani hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Wachunguzi waliona ya kuwa hatari ilizidi kwa wale walioweka mahindi yasiyokauka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika.

Sisi wenyewe tuliaibika. Tulianza na nyumba zetu wajumbe wa kamati, maana si adabu kuchungulia kwa jirani kabla ya kwako. Katika nyumba moja tulisogeza kitanda cha mtoto aliyekuwa akikohoa tangu masika, tukakuta ukuta mweusi toka sakafuni hata kiunoni. Dawa ya kifua ilikuwa imenunuliwa mara nyingi. Mchirizi ulioziba juu ya ukuta ule haukutazamwa hata mara moja.

Kwa hiyo twashauri hivi:

1. Mabati na michirizi vikaguliwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.
2. Vitanda na makabati visigusane na ukuta, na madirisha yafunguliwe kila asubuhi.
3. Kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita.
4. Koga kidogo isuguliwe kwa sabuni na maji, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Kupaka chokaa juu yake kabla ya kuzuia maji ni kuficha donda.
5. Mahindi yawekwe juu ya ubao, mbali na sakafu. Tieni mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise. Chumvi ikishika kiooni, rudisheni mahindi juani.

Limebaki neno la wapangaji. Wengi huona ukuta unaoza wakanyamaza, wakihofu kufukuzwa. Twaomba Mkutano huu ukubali barua kwa mwenye nyumba iandikwe kwa jina la chama, wala si kwa jina la mpangaji. Mtu mmoja huogopa. Chama hakifukuzwi chumbani.

Nasi twawaomba wazee wetu wawe wa kwanza kutufungulia milango. Mkifungua ninyi, hakuna kijana atakayeona haya. Hatutaandika umaskini wa mtu. Tutaandika palipovuja tu, na siku palipozibwa.