Mwaka Ulioandikwa kwenye Sarafu: Tarehe za Sarafu za Kale za Japani kama Ushahidi wa Historia



Hoja ya mhadhara huu ni moja: tarehe iliyo kwenye sarafu ya Japani ni kauli ya dola kuhusu zama zake, na kauli haieleweki kwa kutazama namba peke yake. Pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar zina mwaka 1299, na anayeijua Hijria hutambua mara moja kuwa ni kati ya Novemba 1881 na Novemba 1882, kwa kuwa hesabu hiyo ina mwanzo mmoja tu. Ya Japani huanza upya. Tangu 1868 kila mfalme ana enzi moja yenye jina lake: Meiji kuanzia 1868, Taisho 1912, Showa 1926, Heisei 1989 na Reiwa 2019. Kwa hiyo namba 12 isiyo na jina la enzi inaweza kuwa 1879, 1923, 1937 au 2000.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa Meiji huongezwa 1867, kwa Taisho 1911, kwa Showa 1925. Yeni ya fedha yenye joka, iliyoandikwa Meiji kisha alama ya tatu, ya kumi na ya sita, ni ya mwaka wa 36, yaani 1903. Ugumu unaanzia kwenye mwelekeo, kwani maandishi ya sarafu za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia husomwa kutoka kulia. Kumi na mbili huandikwa kwa alama ya kumi ikifuatiwa na ya mbili. Anayeanzia kushoto hukutana na mbili kwanza, kisha kumi, akapata ishirini. Kwa Taisho kosa hilo hujifichua, maana enzi hiyo iliishia mwaka wa 15. Kwa Showa halijifichui, kwa sababu mwaka wa 12 upo (1937) na wa 20 upo (1945). Hapo madini ndiyo yanayoamua. Sarafu ya sen moja ya 1937 ni ya mchanganyiko wa shaba, rangi yake ya kahawia. Ile ya 1945 ni ya bati, kijivu na laini, kwa kuwa shaba ilikuwa imeelekezwa kwenye silaha. Tarehe na madini hushuhudiana, na msomaji makini huhoji mashahidi wote wawili.

Yupo atakayesema kwamba jedwali la enzi linatosha, na kwamba haya mengine ni kujitafutia ugumu. Jedwali ni la lazima, lakini halitoshi. Kwanza, jina la enzi si tarehe kila mara. Sarafu ya Kan'ei tsuho, yenye tundu la mraba na alama nne zinazosomwa juu, chini, kulia, kushoto, ina jina la enzi ya 1624 hadi 1644. Ilianza kutengenezwa na serikali mwaka 1636, ikaendelea kutengenezwa kwa jina lilelile hadi karne ya 19. Zile za toleo lililoanza 1668 hutambulika kwa alama moja iliyo nyuma yake, na alama hiyo haimo katika jedwali lolote la miaka. Pili, Japani ilianza kutumia kalenda ya Gregori tarehe 1 Januari 1873. Kabla ya hapo mwaka wake haukulingana na wetu. Jedwali linasema Meiji 3 ni 1870, ilhali mwaka huo uliishia Februari 1871. Tatu, Showa 64 ilidumu siku saba tu, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Januari 1989, lakini sarafu za yeni moja zenye tarehe hiyo zinazidi milioni 100, kwa sababu kazi iliendelea kwa muda hata baada ya enzi kubadilika.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ikiwa tarehe hailingani na siku sarafu ilipotengenezwa, ina thamani gani kwa mwanahistoria? Thamani yake ni kutuonyesha dola ilichotaka kishikwe mkononi na kila raia. Mwaka 1912 una sarafu za Meiji 45 na za Taisho 1. Kwa kalenda yetu ni mwaka mmoja, kwa dola ile ni zama mbili. Baada ya vita mwelekeo wa maandishi uligeuzwa, na tangu 1967 sarafu za yeni 50 na 100 hutumia tarakimu tunazozijua sote. Enzi haikuguswa, na sheria ya 1979 ikaithibitisha. Vilivyobadilishwa ni vile vilivyomsumbua msomaji. Kilichobaki ndicho dola ilichokithamini.

Nawaomba basi wahifadhi wa makumbusho na wanafunzi wa historia: mnapoorodhesha sarafu hizi, andikeni kwanza enzi na mwaka kama vilivyo, kisha madini, na mwisho mwaka wa Gregori. Anayeandika mwaka wa Gregori peke yake amefuta nusu ya ushahidi.