Kuogelea Chali: Somo la Singapore kwa Walimu wa Kinondoni na Temeke

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Kinondoni na Temeke, mkoani Dar es Salaam.



Tarehe 29 Julai 2025, huko Singapore, vijana wanane walijipanga bwawani kugombea ubingwa wa dunia wa wanaume wa kuogelea chali, masafa ya mita 100. Kati ya mitindo minne ya mashindano ya kuogelea, huu ndio pekee ambao mshindani haanzi kwa kujirusha kutoka juu. Huingia majini kwanza, akashika chuma cha kuanzia, akakanyaga ukuta, kisha akajisukuma na kwenda kinyumenyume. Haruhusiwi kupita mita 15 akiwa amezama baada ya kuanza au kugeuka. Na kwa kuwa haoni aendako, hutundikwa bendera ndogo juu ya maji, mita 5 kabla ya ukuta, ili azihesabu kasia za mikono yake asije akajigonga kichwa.

Siku hiyo ushindi ulikwenda kwa Mwafrika, Pieter Coetzé wa Afrika Kusini, kijana wa miaka 21, aliyetumia sekunde 51.85. Nyuma yake alikuwa Thomas Ceccon wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2024, ambaye mwaka 2022 aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 51.60 mjini Budapest. Ceccon alitumia sekunde 51.90. Tofauti hiyo ni sehemu tano za mia za sekunde, yaani upana wa kiganja cha mkono.

Wala huo si ushindi wa kwanza wa Afrika katika mtindo huu. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 200 chali huko Athens mwaka 2004, akairudia Beijing mwaka 2008. Na mwaka 2025 akashika uongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hapa Afrika Mashariki, Hamdan Bayusuf wa Kenya alishindana mita 100 chali katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akaishia kwenye michujo. Waogeleaji wa Tanzania, kama Hilal Hilal huko Rio na Collins Saliboko huko Tokyo na Paris, walishindana katika mtindo huru.

Lakini shabaha ya mazungumzo haya si medali. Shabaha ni uhai wa mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo ukilinganisha na idadi ya watu. Tanzania haihitaji kusimuliwa habari hizo. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Septemba 2011 ikazama Spice Islander katika safari ya Unguja kwenda Pemba. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Misiba hiyo huandikwa magazetini kwa herufi kubwa. Kifo cha mtoto mmoja aliyeteleza mtoni akitoka shule hakiandikwi hivyo, lakini kwa mama yake uzito ni ule ule.

Tazama basi mazingira ya wilaya hizi mbili. Kinondoni ina fukwe za Msasani, Kawe, Kunduchi na Mbweni, na bonde la mto Msimbazi ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yalilijaza kwa ghafla. Temeke ina mito ya Kizinga na Mzinga, na bahari inayoingia hadi Mtoni. Watoto hucheza kwenye mchanga maji yakipwa. Siku za bamvua maji hurudi kwa kina na kwa kasi. Je, ni wangapi kati ya watoto hao waliofundishwa la kufanya miguu inapokosa chini?

Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Huo ni ukweli, na ndio unaoua. Anayetapatapa hujisimamisha wima, hupiga maji kwa mikono, huinua kichwa, na nguvu humwishia upesi. Anayelala chali hufanya kinyume chake. Masikio huyaacha ndani ya maji, kidevu hukiinua, kifua hukijaza hewa na mikono huitandaza. Mapafu yaliyojaa hewa ni boya alilozaliwa nalo, na maji ya chumvi humbeba kuliko maji ya mto. Miguu ikianza kuzama, huipiga taratibu. Pua na mdomo hubaki juu, naye huweza kupumua na kupaza sauti hadi msaada ufike. Ndiyo maana somo la kwanza halina budi kuwa kuelea chali, na mbio zije baadaye.

Wapo watakaosema kwamba kuogelea ni mchezo wa wenye mabwawa. Dai hilo halina msingi. Huko Bangladesh watoto wa vijijini hufundishwa katika madimbwi yaliyowekewa majukwaa ya mianzi. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa baharini na wakufunzi wanawake, wakiwa na mavazi ya stara, na maboya yao yakiwa madumu matupu ya plastiki. Kilichohitajika ni mpango, mwalimu na dumu.

Hata hivyo, hadhari ni lazima. Mwalimu asipeleke darasa zima ufukweni kwa shauku tu. Watoto waingie wachache wachache, maji yakiwa shwari na yasizidi kiuno, kila kikundi kikiwa na mtu mzima ajuaye kuogelea, na wazazi wawe wameridhia. Afisa elimu wa kata na afisa michezo wakae na wavuvi wa eneo lao, maana hao ndio wajuao mkondo na saa ya maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liombwe kufundisha namna ya kumwokoa mtu kwa kumtupia kamba au dumu bila mwokoaji kuzama naye. Wala elimu hii isiwe kisingizio cha kulegeza ukaguzi wa vyombo, kwani kuelea hakuchukui nafasi ya jaketi la kuokolea wala ya nahodha anayekataa kupakia kupita kiasi.

Ndugu walimu, huenda miongoni mwa watoto wa Mbagala na Kunduchi yumo atakayeshindana kama Coetzé. Akipatikana, Taifa litashangilia. Lakini kabla ya kumtafuta huyo mmoja, kila mtoto afundishwe kulala juu ya maji na kutazama mbingu, apumue, asubiri, arudi nyumbani.