Bati Kabla ya Kukunjwa



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kuchora vyombo vya bati kwa kompyuta. Nitashika jambo moja: bati likatwe urefu gani kabla halijakunjwa?

Chukueni bati la chuma, unene milimita 2, likunjwe pembemraba, upande mmoja 50 na wa pili 30, zikipimwa kwa nje. Mtajibu 80. La! Penye kona chuma hupinda kwa mviringo. Upande wa ndani hujibana, wa nje huvutika. Katikati upo mstari usiobadilika urefu, na huo ndio upimwao. Programu huutafuta kwa namba iitwayo K. Nusukipenyo cha ndani kikiwa milimita 2, K ya 0.44 hutoa urefu wa 76.52, K ya 0.33 hutoa 76.18. Ni kidogo, lakini kwa mikunjo minne mfululizo hitilafu hupita milimita moja, na matundu ya skrubu hayaonani tena.

Wengi huiacha K waliyoikuta ndani ya programu. Mimi nauita uvivu. Kateni kipande cha milimita 100 katika bati lile lile, mkikunje kwa mashine ile ile, kisha pimeni pande zote mbili kwa nje. Jumla ikiwa 103.4, basi kila mkunjo wa namna hiyo mtautolea 3.4, programu nyingi hukubali kuandikiwa namba hiyo. Bati likibadilika unene, au mashine ikiwa nyingine, kateni kipande kingine.